Kilio Kwenye Shamba la Viazi

Nikifumba macho, mwanangu, siku moja ya Julai hunirudia kabla ya siku nyingine zote za ujana wangu. Ukungu ulikuwa umeshuka Naro Moru hadi kwenye mapaa ya mabati, mlima haukuwa umeonekana kwa majuma, na mimi, mwalimu kijana wa darasa la tatu, nilikuwa nikitembea kando ya barabara ya Nanyuki ilhali wanafunzi wangu wananingoja darasani. Sikuwa na sweta. Sikuwa na safari. Nilikuwa nimeweka chaki mezani, nikatoka mlangoni kama mtu anayekwenda kuchukua kitu ofisini, na miguu ikanichukua.

Ngoja nirudi nyuma kidogo nikueleze mambo kwa mpangilio wake.

Nilizaliwa upande wa Bungoma, katika boma ambalo sauti yake ilikuwa ya mama. Alikuwa mtu wa kucheka kabla hajamaliza kisa, hata msikilizaji akacheka bila kujua anachekea nini. Nilipopata kazi ya ualimu nikatumwa Naro Moru, alinifungia unga wa wimbi kwenye kitambaa, akanisindikiza hadi barabarani, akasema baridi ya huko isije ikanisahaulisha jua la nyumbani. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kinywani mwake. Mimi sasa ni bibi mwenye wajukuu, na bado huyasikia asubuhi nikijifunga leso.

Alifariki mvua ndefu zilipokuwa zikimalizika. Kaka yangu mkubwa alimtuma mtu aniletee habari, maana simu za mkononi hazikuwapo. Mtu huyo akapitia Nakuru kwa shughuli zake, akakawia. Aliponifikia, mama alikuwa ameshazikwa na wageni wa msiba wameshatawanyika. Mwalimu mkuu alinipa pole, akasema nitakwenda nyumbani shule zikifungwa Agosti, kwa kuwa mazishi yamepita na darasa langu halina mtu mwingine wa kulishika.

Kwetu msiba una sauti. Mtu aliyefiwa halii akiwa amekaa. Hutoka nje, akatembea uwanjani huku mikono iko kichwani, akamwita marehemu kwa jina, akamuuliza kwa nini ameondoka bila kuaga, akamkumbusha hata mambo madogo waliyoyafanya pamoja zamani. Majirani humfuata kwa nyuma wasimwache aanguke. Ndivyo nilivyofanya alasiri ile habari ilipofika. Nilikuwa nimepanga chumba katika ploti ya mama mmoja aliyeitwa Mama Wangeci, vyumba vya mabati vilivyopangana mstari mmoja karibu na soko. Nikatoka uani, nikalia kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

Milango yote ikafunguka. Mwanamume mmoja alitoka na rungu.

"Mwizi ako wapi?"

"Hakuna mwizi. Ni Mwalimu. Mama yake amekufa."

"Sasa mbona anapiga nduru kama nyumba inachomeka?"

Wanawake wakanizunguka, mmoja akaniziba mdomo kwa kiganja, polepole, kama unavyomziba mtoto. "Nyamaza, Mwalimu. Huku hatulii hivyo. Ukilia sana unaita kifo ingine." Wakaniingiza ndani. Sikuwalaumu siku ile wala siwalaumu leo. Watu wa mlimani, zamani hizo hasa, walizika kwa utulivu, na huzuni yao uliiona kwenye mikono yao. Waliniletea kuni, unga na sukari, wakanichotea maji, wakaniimbia nyimbo za kanisa mpaka sauti zikawakauka. Ulikuwa wema mtupu. Ila kile kilio kilibaki nusu, kama chafya iliyokataa kutoka, nami nikakimeza.

Kesho yake nilifundisha hesabu. Watu wakanisifu sokoni kwamba nimejikaza. Mwanangu, nilipenda sana kusifiwa hivyo, nikaendelea kujikaza.

Kisha mwili ukaanza mambo yake. Nililala nikiwa macho. Chakula kilikwama kooni. Nikiwa natembea tu, moyo ungeanza kwenda mbio bila sababu, viganja vikalowa, nikajiona nakufa pale pale. Nilikwenda zahanati wakanipima presha, wakaniambia niko salama. Jibu hilo liliniogopesha zaidi, kwa sababu kama si ugonjwa wa moyo basi nilijua ni nini kilichobaki. Siku hizo mtu akisemekana ameharibika kichwa, habari yake ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyemtembelea na mandazi. Shuleni nilianza kusahau majina ya watoto, na nikishtuliwa nilipiga kelele hata walimu wa madarasa mengine wakatoka nje kutazama. Mwalimu mkuu aliniita akasema kwa upole kwamba mambo yakiendelea hivyo atalazimika kuomba niondolewe. Nyumbani nilikuwa na wadogo zangu waliokuwa wakisoma kwa jasho langu. Kama ningepoteza kazi ile na akili ile kwa pamoja, nani angewashika?

Sasa ile asubuhi ya Julai, mtoto mmoja aliangusha kikebe cha kalamu sakafuni. Kikebe tu. Moyo ukaruka, chumba kikawa chembamba, nikaona ni heri nitoke kabla watoto hawajaniona nikianguka. Ndipo nikajikuta barabarani.

"Mwalimu! Unaenda wapi na hii manyunyu? Ati unapanda mlima?"

Alikuwa Mama Wangeci, amesimama kwenye lango lake na ndoo ya maziwa. Huyu alikuwa nesi mstaafu, mjane, aliyekuwa amefanya kazi sehemu kubwa ya maisha yake katika wodi ya wagonjwa wa akili, mbali na nyumbani. Aliogopwa kidogo pale mtaani. Alikuwa na ulimi usiomung'unya maneno.

"Natembea tu, Mama. Niko sawa."

"Uko sawa. Hebu angalia viatu yako."

Nikatazama chini. Cha kushoto kilikuwa cheusi, cha kulia kahawia.

"Mtu ako sawa anavaa viatu ya familia moja," akasema. "Kuja hapa."

Akaniingiza jikoni, akamtuma jirani aende shuleni kusema mwalimu ni mgonjwa na yuko kwake. Akanifunika shuka zito, akanipakatisha karai la minji, njegere bado ziko kwenye maganda, akaniambia nichambue. Yeye akaendelea kuchemsha maziwa kana kwamba nilikuwa nimekuja kumsaidia kazi. Baada ya muda nikamweleza habari ya kikebe, moyo unaokimbia, usingizi na chakula vilivyonikataa.

"Naharibika kichwa, Mama. Ama nimerogwa."

"Akuroge nani? Nani ako na hiyo wakati, na ng'ombe haijakamuliwa?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi nimekaa na watu wagonjwa ya kichwa, na hata wao wengi walipona wakaenda nyumbani. Kwa hivyo hiyo neno isikuogopeshe. Sasa sikiza."

Alinieleza akiwa amesimama, mwiko mkononi, na mpaka leo nikifunga macho nasikia Kiswahili chake kile cha mlimani.

"Ndani ya ubongo, huko katikati, kuna kakitu kadogo. Hakajui kusoma, hakajui leo ni Jumatatu ama Jumanne. Kazi yake ni kuchunga. Kakiona hatari kanapiga nduru, na mwili yote inaamka. Moyo inakimbia, tumbo inafunga, mikono inatoa jasho. Kama ni fisi imeingia, hiyo ni vizuri sana, utakimbia. Sasa hii ya mbele," akanigusa paji la uso kwa kidole chenye harufu ya maziwa, "hii ndiyo ya kufikiria. Inaambia kale kadogo, wewe tulia, ni mkebe tu imeanguka. Lakini hulali, hukuli, na umebeba kifo ya mama yako peke yako. Ya mbele imechoka. Kale kadogo kamebaki bila mtu wa kukaambia tulia, kanapiga nduru mchana yote. Haujarogwa. Kichwa yako inakuchunga, inakuchunga tu kupita kiasi."

Sijui kama nitaweza kukueleza nilivyofarijika, mwanangu. Maumivu yalikuwa pale pale. Lakini kitu nilichokuwa nakiita wazimu kilikuwa na mahali pake na kazi yake, na kilikuwa upande wangu.

Kisha akaniinua, akanipigisha magoti mbele ya jiko la kuni. "Puliza hiyo moto. Polepole. Usirushe majivu." Nilipopuliza kwa pupa, majivu yaliniingia machoni, akanigombeza. Nikajifunza kutoa pumzi ndefu, nyembamba, mpaka makaa yakawa mekundu bila jivu kuinuka. Nilipomaliza, moyo ulikuwa umepunguza mwendo. Akaniambia pumzi ndefu ya kutoka ndiyo lugha ambayo kale kadogo kanaielewa, kwa sababu hakuna mtu anayefukuzwa na fisi akapumua hivyo.

"Sasa niambie. Hiyo kitu iko kwa kifua inaitwaje?"

"Huzuni."

"Huzuni ni jina ya kila mtu. Yako inaitwa nani?"

Nikachambua minji kwa muda mrefu. "Hasira," nikasema hatimaye, na nikashtuka.

"Kwa nani?"

"Kwa yule mtu aliyepitia Nakuru. Kwa kaka yangu." Nikapasua ganda la minji. "Kwa mama. Hakuningoja."

Hakuniambia nisiseme hivyo. Hakuniambia mama amepumzika. Alivuta kigoda akaketi, na hapo ndipo aliponikemea.

"Kila asubuhi unapita hapa umejipaka mafuta. Nasema, habari Mwalimu, unasema mzuri. Nasema, amepona huyu. Kumbe ulikuwa unanidanganya kwa lango yangu mwenyewe! Msichana wangu, hakuna mtu anaweza kukusaidia kwa kitu umemficha. Hata mimi na kazi yangu yote, sikuona." Akanivutia shuka mabegani. "Kwenu mnaliaje, mkilia vizuri?"

Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho.

"Hapa kwa ploti haiwezekani," akasema. "Yule jirani atakuja na rungu tena. Jumamosi tutaenda shamba."

Shamba lake la viazi lilikuwa juu, kando ya msitu, mahali ambapo baada ya seng'enge hakuna boma tena ila miti na mianzi. Tulipanda asubuhi, yeye amevaa gambuti na jembe begani. Viazi vilikuwa vimetoa maua meupe. Akanionyesha mistari. "Haya. Hapa hakuna mtu. Kama kuna ndovu, atakufuata nyuma kama majirani yenu." Kisha akanipa mgongo, akaanza kuinulia viazi udongo.

Mwanzoni niliona haya. Nilitembea mstari mzima nikiwa kimya. Mstari wa pili nikasema jina la mama kwa sauti ndogo. Halafu nikaweka mikono kichwani, nikamwita kwa lugha yetu, Mayi, Mayi wange, na kile kilichokuwa kimekwama tangu ile alasiri kikaja chote. Nilimuuliza kwa nini hakuningoja. Nilimwambia unga wa wimbi bado upo, kwamba sikuthubutu kuupika. Nilimwita hadi ukungu ukanirudishia sauti yangu. Mama Wangeci hakugeuka, wala hakuacha kulima, na kusikia lile jembe likiingia ardhini kulinishika kuliko mkono.

Niliponyamaza, jembe nalo lilikuwa limenyamaza.

"Hilo jina unaita," akasema, "Mayi. Ni nini?"

"Ni mama."

Akatikisa kichwa, akaegemea mpini. Sebuleni kwake kulikuwa na picha ya mvulana aliyevaa sare ya shule, na hakuna aliyewahi kuniambia ni nani. Akaniambia pale. Alikuwa mwanawe, Kariuki, kaka ya binti yake Wangeci. Homa ilimchukua akiwa kidato cha pili wakati mama yake yuko zamu wodini. "Nilizika Alhamisi," akasema. "Jumatatu nikarudi kazi. Wagonjwa ndio walinipa pole vizuri."

Alitazama msituni kwa muda. Kisha akaita, "Kariuki." Hakulia. Aliita kama mtu anayemwita mtoto aje ale chakula kisipoe. Tukangoja wote wawili. Upepo ukapita juu ya maua ya viazi.

"Haitoki," akasema. "Hii kichwa naijua yote, mahali kwa mahali. Na haitoki."

Sikuwa na elimu yoyote ya kumpa. Nikasema, "Si lazima itoke leo, Mama. Umemwita."

Tulirudi kila Jumamosi. Mimi nililia, kilio kikapungua chenyewe, nikaanza kumsimulia mama habari za darasa. Yeye alimwita mwanawe kila tulipofika, mara moja au zaidi, kisha akalima. Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufungwa, hakubeba jembe; alitembea nami mstari kwa mstari, akimwita.

Kazi yangu haikupotea. Jumatatu iliyofuata ile siku ya viatu, nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia mambo kwa majina yake: kwamba silali, kwamba nina hofu inayonijia ghafla, na kwamba naomba mwenzangu alitazame darasa langu kwa muda mfupi ninapotoka kupumua. Nilitegemea anifukuze. Alivua miwani akasema angependa ningemwambia mapema. Usingizi haukurudi kwa siku moja. Ulirudi kama paka, unaingia unatoka, hadi ukazoea. Zahanati pia nilirudi, nikaendelea na nesi mwingine ambaye Mama Wangeci alinielekeza kwake, kwa sababu shamba la viazi halimalizi kila kitu. Na Agosti nilipofika nyumbani nilimwambia kaka yangu hasira yangu. Akanisikiliza, kisha akaniambia kuwa siku za msiba alikuwa akitembea hadi barabarani kila magari yalipopita, kunitazamia. Tukalia pamoja, hapo uwanjani, mama akiwa hapo karibu chini ya udongo wake.

Niliolewa huku huku mlimani, nikastaafu huku. Mama Wangeci aliishi hadi akawa mdogo kama mtoto. Alipofariki, si miaka mingi iliyopita, walimzika kwa utaratibu mzuri, mahema, vipaza sauti, nyimbo, hotuba fupi. Nilikaa nimebana kanga yangu. Kaburi lilipokuwa likifunikwa, Wangeci alikuja akanishika mkono. Naye sasa ni mwanamke wa makamo.

"Mwalimu, kwa nini umekaa? Alituambia utamlilia. Alisema mtu asikunyamazishe."

Nikasimama. Nikaweka mikono kichwani, nikatembea kandokando ya umati nikimwita Mayi, kwa lugha ambayo wengi pale hawakuijua. Hakuna aliyeniziba mdomo. Wazee walitazama chini. Nilipozunguka mara ya pili nikasikia sauti nyingine, ndogo, isiyozoea kazi hiyo. Ilikuwa ya Wangeci, akiita "Maitu", yaani mama kwa lugha yao, na alipoita mara ya pili sauti yake ikakatika, akalia.

Ninawatamani wote wawili, mwanangu. Ninamtamani mama acheke kabla kisa hakijaisha, na ninamtamani yule mwingine aniulize habari zangu langoni na asikubali jibu la kwanza. Hamu hiyo haikuisha, na sijaribu tena kuifukuza. Nimegundua mtu anaweza kuwa na hamu kubwa kifuani na bado akalala, akala, akafundisha watoto hesabu.

Basi chukua hili. Jifunze kichwa chako kama unavyojifunza njia ya kwenu. Moyo ukikimbia bila kisa, usikimbilie kujiita mwendawazimu. Jua kuna kitu ndani yako kinachojaribu kukulinda, na ukitulize kwa pumzi ndefu, usingizi na chakula. Tafuta jina halisi la unachohisi, hata kama jina hilo linakuaibisha, hata kama ni hasira kwa mtu unayempenda. Nawaona ninyi vijana mkiweka picha ya marehemu kwenye simu na mshumaa pembeni, kisha kesho mnacheka kazini. Picha ni sawa. Lakini mtafute pia mtu mmoja wa kumwambia, na kama watu wa hapo hawalii unavyolia, waombe wakuonyeshe mahali ambapo unaweza. Likizidi, nenda kwa nesi au kwa mshauri, uende mchana, bila kujificha. Ni njia ile ile ya anayekwenda kutibiwa mguu. Na wewe ukiwa ndiye jirani, peleka kuni na unga, omba na uimbe, ila usimzibe mtu mdomo. Mama Wangeci aliyajua haya yote na bado alihitaji mtu wa kusimama naye shambani. Hakuna anayejua kiasi cha kutohitaji mwenzake.

Mungu akulinde kichwa na kifua, mwanangu. Usingizi ukujie bila kubembelezwa. Na siku utakayompoteza umpendaye, maana siku hiyo huja, akujalie nafasi ya kumwita kwa jina lake, kwa sauti yako yote, na mtu wa kukaa karibu nawe mpaka umalize.